Ushahidi wa Mshororo wa Nne

Kila Jumapili ya kutembelewa, Bwana Gaspar alifika shuleni Chamazi na kuku mzima wa kuchoma aliyefungwa kwenye foili, akakaa chini ya turubai nje ya bwalo, akamwita binti yake Demetria. Muda mfupi baadaye Lusungu alipita hapo kwa bahati. Bahati hiyo Lusungu aliiandaa tangu alfajiri: alipiga pasi shati, akapaka viatu rangi, akazunguka jengo la maabara mara kadhaa ili atokee upande ambao mtu hawezi kusema hakumwona.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo, kijana?"

"Sijambo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote tangu kidato cha kwanza. Hayakuwahi kuongezwa neno wala kupunguzwa, kama sala.

Bwana Gaspar alikuwa baba yake Lusungu. Jambo hilo halikuwa siri, kwa sababu sikio la kushoto la Bwana Gaspar lilikuwa limekunjika kwa juu, kama ukurasa ambao mtu ameukunja ili aurudie baadaye. Demetria alikuwa na sikio kama hilo, na Lusungu alikuwa na sikio kama hilo. Mpishi wa shule alijua. Mlinzi wa getini alijua. Mama yake Lusungu, fundi cherehani wa Mwananyamala, alimweleza mwanawe mapema ili asije akalisikia jambo hilo barabarani. Aliyebaki kuarifiwa ni Bwana Gaspar peke yake, au angalau ndivyo alivyoishi.

Muhula huo Mwalimu Gozbert wa Kiswahili alirudi kutoka semina ya Morogoro akiwa na mkoba wa kitambaa, kalamu mbili na neno "medianuwai". Mkoba ulichanika, kalamu zikaazimwa zisirudi, neno likabaki. Akaagiza kila mwanafunzi wa kidato cha tatu atunge ubeti mmoja wa utambulisho wake, wenye vina na mizani kamili, kisha augeuze kuwa wasilisho la medianuwai litakaloonyeshwa mbele ya wazazi.

"Kila mshororo na slaidi yake," alisema. "Kila slaidi na ushahidi wake, picha au sauti. Anayesema kwao kuna mlima, auonyeshe huo mlima. Tumechoka na washairi wa maneno matupu."

Watu walitarajia Lusungu aandike upuuzi. Yeye ndiye aliyewahi kubandika karatasi ya RANGI MBICHI kwenye kiti cha mkuu wa shule, na mkuu wa shule akafanya kazi amesimama mpaka Ijumaa. Lakini safari hii alikaa kimya maktaba, akihesabu silabi kwa vidole, akatoka na ubeti huu:

Mimi hapa ni kijana, Mwananyamala ni kwangu,
Nimepewa hili jina, Lusungu ni jina langu,
Mama hushona mchana, na usiku nguo zangu,
Na baba akiniona, huniita "we mwanangu".

Mwalimu Gozbert aliusoma huku akigonga meza kwa kidole. "Nane na nane, kila mshororo. Kina cha kati *na*, kina cha mwisho *ngu*. Safi. Ila mshororo wa nne, ushahidi uko wapi?"

"Nitauleta, mwalimu."

"Baba yako anakuita mwanangu?"

"Kwenye shairi, ndiyo."

"Medianuwai haina 'kwenye shairi'. Leta sauti yake."

Akampa simu yake ya kurekodia, kwa kuwa wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa na simu, isipokuwa kwa mambo ya fasihi.

Lusungu hakujali sana alama. Alama alikuwa nazo nyingine. Alichotaka ni kulisikia neno hilo likitumwa upande wake, hata mara moja tu, hata kwa ujanja. Jumapili ya kutembelewa ilipofika, alipita kwa bahati kama kawaida, akasalimia, akajibiwa, kisha badala ya kuendelea na safari akatoa karatasi aliyoiandikia neno moja kwa herufi za ukubwa wa ndizi.

"Samahani, mzee. Tuna zoezi la matamshi. Neno hili linatamkwaje?"

Bwana Gaspar aliitazama karatasi mbele, akaitazama na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. "Miwani nimeiacha kwenye gari, kijana."

"Herufi ni kubwa, mzee."

"Ndiyo. Na ile miwani ni ya herufi kubwa."

Demetria aliendelea kutafuna paja. Jioni alimkuta Lusungu bombani akifua soksi ambazo hazikuwa chafu.

"We nawe unajisumbua," alisema. "Chukua la kwangu. Mie ananiita mwanangu mpaka nachoka. Mwanangu vaa sweta, mwanangu usile ngozi. Joto lote hili la Chamazi, sweta la nini?"

"Siyo langu hilo."

"Kwani neno limeandikwa jina? Mwalimu atajuaje?"

Jumapili iliyofuata ya kutembelewa, Demetria aliificha simu ya mwalimu chini ya foili, akairudisha na mafuta ya kuku pamoja na sauti ya Bwana Gaspar, safi kabisa: "Mwanangu, usile ngozi." Wakakaa kwenye chumba cha kompyuta, wakaikata ngozi, likabaki neno.

Picha ndiyo iliyowashinda. Picha zote za Bwana Gaspar alizokuwa nazo Demetria zilikuwa na mama yake Demetria amemshika bega, na kila walipojaribu kumkata mama, mkono ulibaki. Lusungu akaweka fremu tupu kwenye slaidi ya nne.

"Atajijua mwenyewe," akasema.

Siku ya mawasilisho, projekta iliwekwa katikati ya bwalo juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ubavuni ilikuwa na jina la Bwana Gaspar, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kwa kuwa ndiye aliyeitoa kwa shule. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele akiwa mgeni rasmi, ua la plastiki kifuani, mkewe kando yake. Mama yake Lusungu alikaa nyuma, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja.

Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Allen alionyesha mvua ya kwao Makete, nayo ikanyesha kwenye mabenchi mawili ya kulia, wazazi wa hapo wakasogea. Mudathir wa Temeke alionyesha picha ya bibi yake aliyefariki mwaka juzi. Bibi akashuka ukutani, akasalimia wote, akauliza choo kiko wapi, akaelekezwa. Hakuonekana tena mpaka chakula kilipopakuliwa.

Ikafika zamu ya Lusungu. Demetria alikaa kwenye kompyuta kubonyeza. Slaidi ya kwanza ilileta Mwananyamala: harufu ya mihogo ya kukaanga ikajaa bwaloni, bodaboda akapita katikati ya viti akiuliza kama kuna abiria, hakuna, akatoka kwa mlango wa jikoni. Slaidi ya pili ilileta jina, likakaa ukutani kwa adabu. Ya tatu ilimleta mama, ameinamia cherehani. Kule nyuma mama mwenyewe aliitazama nguo aliyokuwa anaishona pale ukutani, akatikisa kichwa, kwani kola ilikuwa imekaa upande.

Demetria akabonyeza slaidi ya nne, na Bwana Gaspar akawa ndani ya fremu. Kiti chake kikabaki na programu ya shughuli na joto kidogo. Mkewe aliweka mkoba wake juu ya kiti hicho, asije mtu akakikalia.

Pale ukutani alitoka mkubwa mno. Bega lake lilifunika nusu ya mshororo.

"Mpunguzeni," alisema Mwalimu Gozbert. "Anafunika kina."

Demetria akamshika baba yake kwenye kona kwa kipanya, akaanza kumvuta kuelekea ndani.

"Polepole, mwanangu," alisema Bwana Gaspar kutoka ukutani.

Mwalimu akainua kalamu. "Ndiyo hiyo sauti?"

"Hapana, mwalimu," alisema Demetria. "Huyo anaongea na mie."

Mwalimu akaishusha kalamu. Lusungu akaashiria, Demetria akabonyeza alama ya spika, na bwalo zima likasikia: "Mwanangu." Lilikuwa neno zuri, lenye uzito wake, na liligonga paa la bati likarudi. Lakini midomo ya Bwana Gaspar ilikuwa imefungwa muda wote.

"Midomo haikuhusika," alisema Mwalimu Gozbert. "Sauti hii ni ya kuazima. Na ya nini kuazima, mwenye sauti tunaye hapa ukutani? Lusungu, msalimie. Tutasikia atakavyokuita."

Lusungu alikwenda mpaka karibu na ukuta. Kwa namna Demetria alivyompunguza, Bwana Gaspar sasa alikuwa analingana naye kimo, na masikio yao mawili ya kushoto yalikuwa usawa mmoja.

"Shikamoo," alisema Lusungu.

"Marahaba."

Bwana Gaspar akamtazama. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye sikio, ukajaribu kulinyoosha lile kunjo. Likanyooka, alipoliachia likajikunja tena. Akawatazama wazazi, akautazama mkoba uliokuwa juu ya kiti chake. Midomo yake ikajikusanya kama ya mtu anayetaka kutamka *mwa*, na kule nyuma mama yake Lusungu akaacha kuchezea futi.

"Hujambo, kijana?" alisema Bwana Gaspar.

"Sijambo," alisema Lusungu.

Mwalimu Gozbert aliandika kitu, kisha akasimama. Alikuwa mtu wa haki. "Bwana mwenyekiti, naomba utafakari. Ki-ja-na, mizani tatu. Mwa-na-ngu, mizani tatu. Huongezewi mzigo wowote. Ila kina cha mwisho ni *ngu*, na wewe unatuletea *na*. Unauharibu ubeti wa mtoto."

"Mwalimu, mimi nimealikwa kama mgeni rasmi, sikualikwa kwenye mtihani. Naomba mnitoe, humu kuna joto la taa."

Demetria akabonyeza alama ya kufunga. Swali likatokea ukutani, juu ya tumbo la Bwana Gaspar: *Unataka kuhifadhi mabadiliko?* Chini yake kulikuwa na *Ndiyo* na *Hapana*. Demetria alikisogeza kipanya kwa Lusungu.

"Wako huyo," alisema kwa sauti ya chini. "Mie ninaye mwingine nyumbani, yule yule."

Lusungu alifikiri. Akibonyeza *Ndiyo*, Bwana Gaspar angebaki kwenye flashi, na flashi ilikuwa na nafasi tele. Angeweza kumfungua wakati wowote apendao, hata bwenini, hata siku zisizokuwa za kutembelewa. Angemsalimia, na Bwana Gaspar angemjibu. Lusungu alijua angemjibu nini. Wa namna hiyo alikuwa naye tayari, na alikuja na kuku.

Akabonyeza *Hapana*.

Bwana Gaspar akarudi kwenye kiti chake, juu ya mkoba wa mkewe, lakini kompyuta ya shule ilikuwa ya zamani na haikufuta kila kitu. Alibaki na kile kimo alichopunguziwa. Aliposimama atoe hotuba, suruali ilimfunika viatu, na mikono ya koti ikameza vidole. Alitoa hotuba hivyo hivyo. Ilihusu umuhimu wa malezi, na ilikuwa ndefu.

Alipokuwa anashuka jukwaani akajikwaa. Mama yake Lusungu alitoka nyuma akiwa na pini midomoni, akapiga magoti mbele yake, akakunja suruali, akapima, akabana.

"Simama wima," alimwambia.

Akasimama wima. Alipomaliza mguu wa pili, Bwana Gaspar alisafisha koo. "Ahsante sana, dada."

Mkewe alikuwa akiichunguza kazi ile. "Fundi, unapatikana wapi?"

"Mwananyamala, nyuma ya soko."

"Tutakuletea na nyingine. Anazo nyingi, na zote ndefu."

Kwa upande wa taaluma, Mwalimu Gozbert alimrudishia Lusungu ubeti wake na wino mwekundu kwenye mshororo wa nne: *Rekebisha. Kina kizuri, ushahidi hakuna.* Lusungu alikwenda nao bombani. Demetria akakaa juu ya ndoo, wakahesabu wote wawili, Lusungu akitumia vidole vya mikono na Demetria akisaidia na vya miguu. Kabla ya kengele ya chakula mshororo ukawa umepatikana:

Na huniita kijana, baba yake dada yangu.

Mwalimu aliuhesabu mara mbili. Nane na nane. *Na* katikati, *ngu* mwishoni. Ushahidi wa neno ulikuwa umesikika na bwalo zima, na ushahidi wa dada ulikuwa umesimama mlangoni ukitafuna barafu. Akampa alama zote, akaandika pembeni: *Sasa umetimia.*

Jumapili ya kutembelewa ilipofika, Bwana Gaspar alikaa chini ya turubai na kuku wake. Suruali ilikuwa imekatwa vizuri, na miguu yake haikufika chini. Lusungu akatokea upande wa maabara, kwa bahati.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo, kijana?"

Lusungu alikunja vidole nyuma ya mgongo, kimoja kimoja, kuhakikisha. Vilikuwa vitatu.

"Sijambo," alisema.

"Mwanangu, usile ngozi," alisema Bwana Gaspar, akimgeukia binti yake.

Demetria akaibandua ngozi yote ya paja, akampa Lusungu.