Moja Mara Tatu

Jenoveva alikibana kichwa cha baba yake kwapani, kama mtu anayemnywesha ndama dawa, akapenyeza kijiko kati ya meno. Kidonge kilikuwa tayari juu ya ulimi. Yalibaki maziwa. Aliyamimina kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe cha bati. Mengine yakaingia, mengine yakateremka shingoni mpaka kwenye kola ya shati ambalo mzee Keraryo alikuwa akilivaa kwenda misa.

"Meza, baba. Meza yote."

Mzee akameza. Uso wake ulikuwa umekaza, haukuonyesha uchungu wala shukrani. Mkono wa kulia ulitetemeka juu ya goti, ukagonga mguu wa kiti, ukaendelea kugonga.

Hapo nyumbani, nje kidogo ya Butiama, ng'ombe wa maziwa alikuwa mmoja, na maziwa yake yalikuwa ya mzee kwanza. Watoto walikunywa uji usiotiwa maziwa. Dawa kali bila maziwa huchoma utumbo. Jenoveva hakukumbuka nani alimfundisha hilo. Alikua akilijua, kama alivyojua kwamba mgeni hapewi maji matupu.

Siku walipopewa dawa hiyo, hospitali ya Musoma mjini, daktari aliwahudumia huku simu ikiwa sikioni. "Ni Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka," alisema alipoishusha. "Haiponi, ila dawa itamsaidia." Dirishani kijana wa dawa aliandika juu ya bahasha, 1 x 3, akaisukuma chini ya nondo.

"Anakunywaje?" Jenoveva aliuliza.

"Si imeandikwa? Moja mara tatu. Anayefuata."

Watu nyuma yake walikuwa wameanza kuguna. Akaona haya kuuliza tena.

Miezi ikapita na mzee akazidi kuganda. Siku moja tu mambo yalikuwa tofauti. Ndama alikata kamba usiku, asubuhi wakamkuta mama yake hana kitu kwenye chuchu, na Jenoveva akampa baba yake kidonge kwa maji huku akimwomba radhi. Jua lilipopanda alimwona mzee amesimama mwenyewe mlangoni. Akatembea hadi zizini, akashika pembe ya ng'ombe, akaita watoto kwa majina yao. Jenoveva alipiga ishara ya msalaba. Kesho yake akamwongezea maziwa, ili nguvu ile isimtoke.

Haikurudi.

"Dada, tunamtesa mzee bure," alisema Prosper, mdogo wake mwenye duka la vipuri Bunda, siku alipokuja kuwaona. "Unamkaba kila siku kama mwizi. Umeona nini kilichobadilika?"

"Sijaona."

"Basi. Muache apumzike."

Jenoveva aliitazama bahasha juu ya kabati. Vidonge vilikuwa bado vingi. Alisema sawa upesi mno, na upesi ule ndio aliokuja kuukumbuka baadaye kuliko kitu kingine chochote. Kesho yake alilala mpaka jua likaingia dirishani. Watoto wakanywa chai ya maziwa, wakacheka, naye akacheka nao.

Kabla wiki haijaisha mzee alikuwa amekaza kama ubao. Mwili ulichemka hata shuka likawa la moto. Walimwinua mzima mzima, miguu haikunjiki, wakamlaza nyuma ya gari la kukodi mpaka hospitali moja ya Bunda, kichwa chake mapajani mwa Jenoveva. Manesi wakamtundikia dripu ya malaria. Kipimo kilikuwa kimesema hana malaria.

Jioni alipita daktari mwingine. Akamkunja mzee kiwiko, kikagoma.

"Huyu anatumia dawa gani?"

Jenoveva akampa bahasha. Daktari akaigeuza.

"Ameacha lini?"

"Tulimwachisha. Ilikuwa haimsaidii."

"Mlimwachisha." Alilirudia neno polepole, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. "Mama, hii haikatishwi ghafla. Ndiyo haya sasa. Alikuwa anameza na nini?"

"Maziwa, dokta. Tena mengi. Nilikuwaga namnyima hata mjukuu wake."

"Ni ya maji, kabla ya chakula. Maziwa yanaizuia isifanye kazi. Mnaelekezwa, hamsikiagi."

"Hatukuelekezwa."

"Tusibishane juu ya kichwa cha mgonjwa."

Mzee alikata roho kabla ya mapambazuko, macho wazi, taya limefungwa. Iliwabidi wamfunge shuka kama alivyokuwa.

Msibani kina mama walikaa na Jenoveva kwenye mkeka. Jirani yake, mama Robi, alimshika mkono. "Wewe usilie, Jeno. Nani kijiji hiki alimtunza mzazi kama wewe? Mpaka maziwa ya watoto ulimpa yeye." Wengine wakaitikia. Jenoveva alifungua mdomo aseme, akaletewa chai. Ilikuwa ya maziwa.

Baada ya matanga alivirudisha vidonge vilivyobaki kule Musoma, huenda vingemfaa mtu.

"Hatupokei dawa zilizotoka nyumbani kwa watu," alisema yule kijana wa dirishani. Hakumkumbuka.

Kwenye benchi ukutani msichana alikuwa amekaa na mzee ambaye kidole gumba kilimchezacheza juu ya paja. Bahasha ilikuwa kati yao, na juu yake kidonge kama vile vya baba. 1 x 3. Msichana alikuwa anafungua chupa ya soda iliyojaa maziwa.

"Mdogo wangu," Jenoveva akamwinamia, "hiyo dawa mpe na maji, kabla hajala. Usimpe na maziwa. Na usije ukamkatisha."

Msichana aliitazama kanga nyeusi ya Jenoveva. "Daktari wa hapa ndiye kasema?"

"Hapana. Hakusema."

"Wewe ni nesi?"

"Baba yangu alikuwa anakunywa hiyo hiyo."

"Yuko wapi?"

Jenoveva akalivuta pindo la kanga yake.

"Mama mwenye kanga nyeusi," kijana akaita kutoka nyuma ya nondo, bila hasira, "usituchanganyie wagonjwa. Wanaoelekeza hapa ni sisi. Anayefuata."

Foleni ikasogea, ikampita. Msichana aligeuka, akamtia mzee kidonge mdomoni, akamkinga kidevu kwa kiganja.

"Meza, baba," alisema, akiinua chupa. "Meza yote."