Mama, Umekula?

Wasikilizaji walimwita Kengele, na jina hilo lilimganda mpaka hata dada yake akasahau kumwita jingine. Alianza kazi kwenye televisheni, enzi mashavu yake yakiwa bado yamejaa, akisoma habari huku ameketi wima. Siku mashavu yalipoanza kulegea, bosi alimwita ofisini akaimwagia sifa sauti yake. Ukiona mtu wa televisheni anasifiwa sauti, jua uso wake umekwisha kazi. Kengele hakuwa mtoto. Alibeba mkoba wake, akapanda ghorofa ya juu, kwenye redio.

Huko fundi mitambo alimfundisha jambo moja tu: tabasamu linasikika. Ukiongea umenuna, msikilizaji atajua hata kama maneno yako ni asali. Basi Kengele akatabasamu. Miaka nenda, miaka rudi, aliingia kile chumba kisicho na dirisha, akafunga milango miwili minene, taa nyekundu ikawaka, naye akakenua meno mbele ya kipaza sauti. Alikenua siku ya homa, akakenua siku aliyopewa talaka. Jioni mashavu yalimuuma kama ya mtu aliyeshinda akitafuna muwa.

Wiki yake ya kwanza redioni, baada ya taarifa ya habari ya asubuhi, alimkumbuka mama yake, ambaye akishaketi kwenye cherehani alikuwa hakumbuki tena habari za chakula. Akauliza hewani, "Mama, umekula?" Simu zikamiminika. Kila mama mjini aliona ameulizwa yeye. Bosi akaona neema imemshukia: swali likachapwa kwenye fulana, likapandishwa kwenye mabango, kampuni ya majani ya chai ikalidhamini. Tangu hapo Kengele hakuwa na ruhusa ya kulisahau.

Sasa aliyesahau alikuwa mama mwenyewe. Kumbukumbu zilimtoka kidogo kidogo, kwanza majina ya majirani, kisha njia ya kwenda dukani. Dada mkubwa, aliyekuwa akikaa naye asubuhi, alikuwa amechoka kabisa.

"Hagusi chakula mpaka umuulize wewe redioni," alisema. "Nikimuuliza mimi, ananiambia nisimpigie kelele."

Na jioni, Kengele aliporudi nyumbani, mama alimpokea kwa adabu zote. "Karibu, keti. Mwanangu hayupo. Yeye yuko redioni."

Maneno hayo yalimkata maini. Alijiambia kosa ni lake, kwamba hajawahi kuwepo nyumbani saa ile mama anapokula. Angeacha kazi, angeketi mbele yake, na mama angemjua. Aliamini hivyo kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuamini. Akamfuata bosi.

"Naacha kazi, bosi."

"Acha utani. Chukua likizo ya wiki moja kwanza. Mama yako hakimbii."

"Anakimbia, bosi," Kengele alisema. "Kila siku yuko mbali zaidi."

Bosi akajikuna kidevu. "Basi nenda. Tutarusha vipindi vyako vya zamani. Hakuna atakayejua."

Asubuhi ya kwanza ya likizo, Kengele alichemsha chai, akakaanga mayai, akaketi karibu na mama mpaka magoti yao yakagusana. Dada alisimama mlangoni, mikono kifuani. Kengele aliponyoosha mkono kuzima redio iliyokuwa mezani, mama aliidaka.

"Usiguse! Mwanangu anaanza."

Kengele akajisikia redioni akicheka. Alikikumbuka kipindi hicho. Siku ile alikuwa ametoka kulia chooni, akanawa uso, akaingia hewani.

"Mama, umekula?" redio ikauliza.

"Bado, mwanangu, ndiyo nakula," mama akajibu, akachukua mkate.

Kengele akamshika mkono. "Mama, ni mimi. Huyo anayeongea ni mimi."

Mama alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. Kengele akakata tamaa, akakenua meno yote, akaipandisha sauti ile ile ya kazini: "Mama, umekula?"

Mama akaacha kutafuna. Dada naye akabana pumzi.

"Umejitahidi," mama akasema. "Wengi wanamwiga, lakini wewe umemkaribia."

Dada aliangua kicheko bila kutaka, kisha akakimbilia jikoni akilia. Kengele alibaki ameketi. Hapakuwa na pa kwenda. Alikuwa nyumbani kwao.

Mama akamsogelea sikioni. "Nikwambie kitu? Mwanangu amechoka. Anacheka, lakini mimi namsikia, si nimemzaa? Ningejua anakokaa ningekwenda kumwambia aache hiyo kazi, arudi nyumbani."

Kengele akamsogezea sahani. "Mimi nafanya naye kazi, mama. Nimfikishie salamu?"

"Nifikishie, mwanangu. Mwambie arudi." Mama akachukua kipande cha yai, akakirudisha kwenye sahani. Hofu ikamwingia machoni. "Lakini akirudi, asubuhi nani ataniuliza?"

Mama aliisogeza redio karibu na kifua chake, na wimbo wa tangazo la chai ukaanza.

Usiku ule Kengele alilala macho. Vile vipindi vya zamani vingeweza kuuliza, ndiyo, lakini visingeweza kujibu. Na mama alikuwa ametuma salamu zinazosubiri jibu.

Alfajiri alivuka ile milango miwili minene. Fundi mitambo akashangaa. "Si uko likizo wewe?"

"Imekwisha," Kengele akasema, akavaa vipokea sauti.

Taarifa ya habari ikaisha. Taa nyekundu ikawaka. Bosi alikuwa ameshafika, amesimama upande wa pili wa kioo na kikombe chake, furaha imemjaa.

"Mama, umekula?" Kengele aliuliza. Kisha, kwa sauti yake ya nyumbani, bila tabasamu, akaongeza, "Salamu zako nimezipata."

Nyuma ya kioo bosi alikunja uso. Akaweka kikombe chini, akajigusa mashavu kwa vidole viwili, akayavuta juu.

Kengele akatabasamu.