Kiwanda Kisicho na Moshi

Mimi nikimpenda mtu siwezi kunyamaza. Ndiyo maana asubuhi ile, kabla hata sijavaa koti langu jeupe, nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi la familia: "Leo mwana wetu anaiwasha hospitali nzima!" Kaka yangu akajibu kwa makofi. Wifi yangu akaleta dua. Wajomba, ambao hata sura ya mtoto hawaikumbuki, wakaanza kudai kwamba akili zile zimetoka upande wao. Upande wao wapi! Akili zile ni za kwetu.

Mimi ni mkuu wa maabara ya hospitali. Mwana ninayemsema ni binti wa kaka yangu, na nimemlea mwenyewe tangu alipoanza shule, maana wazazi wake kazi zao zilikuwa za kuhamahama. Aliajiriwa hospitalini kwetu kwa majaribio, kitengo cha kompyuta. Sikumwombea kwa mtu. Aliingia kwa usaili kama wenzake, akawapiga bao wote. Nyumbani ananiita shangazi. Kazini aliniwekea masharti: "Hapa mimi ni fundi wa kompyuta, wewe ni mkuu wa maabara. Usiniite mwanangu mbele za watu, na usinisifu." Sharti la kwanza nilijitahidi. La pili lilinishinda siku hiyohiyo.

Kazi aliyopewa ilikuwa hivi. Zamani daktari wodini akitaka damu ipimwe aliandika karatasi, na mhudumu akatuletea kwa miguu. Karatasi zilipotea mpaka tukazoea. Sasa ombi lingeandikwa kwenye kompyuta ya wodi, lipange foleni kwenye seva, ile kompyuta kuu, na kompyuta yetu ya maabara iyachukue maombi moja baada ya jingine. Hata ya kwetu ikizimika, ombi linasubiri zamu yake. Hilo nililielewa upesi, foleni nani asiyeijua? Lililonitoa jasho ni lile lililofuata.

"Programu ya wodini haijui seva iko wapi," alinieleza siku moja tukiwa mezani, tunakula. "Inauliza kwenye saraka ya majina, kama kitabu cha namba za simu. Inasema, nipe foleni ya maombi ya maabara, halafu nipe kiwanda cha miunganisho. Kiwanda ndicho chenye anwani ya seva, ndicho kinachofungua njia."

"Kiwanda? Mbona sioni moshi?"

"Shangazi!"

"Haya, endelea, nakusikia."

"Ni maelezo tu niliyoyaandika kwenye saraka. Nikihamisha seva, nabadilisha anwani kwenye kiwanda, basi. Programu siigusi, inaendelea kuuliza majina yaleyale." Akaniambia kwamba mezani kwake kazini ana seva ndogo ya mazoezi, na foleni yake ameipa jina lilelile la foleni ya kweli, makusudi, ili akimaliza kujaribu asianze kuvurugavuruga programu. "Tofauti ni anwani iliyo ndani ya viwanda viwili, cha wodini na cha maabara. Hiyo tu."

Hiyo tu! Na hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kututoa roho.

Mkurugenzi wetu ni daktari wa upasuaji, mtu ambaye akikasirika hapandishi sauti, anazidi kuongea taratibu. Alikuwa ameshasema wazi: kazi ikikwama siku ya kuzinduliwa, tunarudi kwenye karatasi, mradi anapewa mkandarasi wa nje, na binti mkataba wake hauongezwi. Mkandarasi mwenyewe tulimwita Bwana Tai, kwa sababu joto liwe la namna gani, tai haivui. Alialikwa kushuhudia, na tangu afike alikuwa akikizungushia macho chumba cha seva kama mpangaji anayesubiri mwenzake ahame. Nilimchukia bila hata kuficha.

Basi asubuhi hiyo ya uzinduzi, Jumatatu, tukasimama maabara mbele ya skrini: mkurugenzi, Bwana Tai, mimi na vijana wangu wa maabara. Binti yuko ofisini kwake chini. Akapiga simu kwamba wodi zimeruhusiwa kutuma. Tukatazama. Skrini nyeupe. Tukatazama tena. Nyeupe pe. Sasa jamani, Jumatatu asubuhi maabara yetu huwa ni soko, watu hawasikilizani. Siku hiyo nilisikia friji ya sampuli ikinguruma peke yake.

Simu ya ukutani ikalia. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na alikuja na moto.

"Nyie mmelala huko? Mtoto wangu anasubiri kipimo nimeshatuma kitambo!"

"Umetuma wapi?"

"Kwenye hiyo kompyuta yenu! Imeandika limetumwa, kijani kabisa!"

Nilimwambia anitajie maombi yake kwa mdomo, nikamtuma kijana mmoja mbio wodini akachukue damu. Wodi nyingine mbili nazo zikapiga, nikafanya hivyo hivyo.

Bwana Tai akakohoa kidogo. "Ni mtandao," akasema. "Jengo la zamani, nyaya zimechoka. Niliwaambia."

Kwa mara ya kwanza nilimpenda yule mtu. Nyaya! Nyaya hazina mkataba wa kuongezwa, nyaya hazina shangazi. Nikadakia palepale: "Kweli kabisa, mkurugenzi, nyaya za jengo hili ni balaa, hata friji yangu juzi..."

Mlango ukafunguliwa, binti akaingia, akaketi kwenye kompyuta yangu bila kumtazama mtu. Akaandika amri fulani, kuiuliza saraka swali lile ambalo programu ya wodini huliuliza. Mstari mmoja ukatokea. Mimi nilikuwa nyuma yake, na mgongo ule naujua tangu ukibeba mkoba wa shule. Mabega yakashuka. Nikajua ameliona, na nikajua si nyaya.

Nikainama kama naangalia skrini, nikamfinya. "Nyaya," nikamnong'oneza. "Sema nyaya."

Angeweza. Chumba kizima hapakuwa na mtu wa kuusoma ule mstari kutoka pale alipokuwa amesimama. Angebadilisha herufi chache, maombi yakaja, Bwana Tai akabaki na nyaya zake. Binti akaondoa mikono kwenye kibodi, akageuza kiti.

"Si mtandao," akasema. "Ni mimi. Kiwanda cha maabara nilikibadilisha anwani, cha wodini nikasahau. Bado kinaelekeza kwenye seva yangu ya mazoezi. Foleni yenye jina lile iko huko pia, kwa hiyo programu haikulalamika, ikaandika limetumwa. Maombi yote yamefika salama, ila yamefika mezani kwangu."

Mungu wangu! Nilitamani kumziba mdomo kwa kiganja.

Bwana Tai alichangamka kama aliyeitwa chakulani. "Basi ifagie foleni hiyo, wodi zitume upya. Kazi ndogo." Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali.

"Hapana," binti akasema. Alimwambia mkurugenzi hapana, mtoto wa majaribio! "Kila ombi humo ni mgonjwa. Muuguzi ameshaona kijani, ameshahamia kitanda kingine. Nani atakumbuka lipi la kurudia? Na nikiyamwaga yote huku bila kuangalia, yale mkuu wa maabara aliyoyapokea kwa simu yatakuja mara ya pili, na mtoto atadungwa tena bure."

Hakusubiri ruhusa. Akapiga simu wodi zisimame kutuma. Akabadilisha anwani. Akawaambia wauguzi wafunge programu na kuzifungua upya, kwa sababu huuliza saraka pale zinapowaka tu. Kisha akayahamisha maombi moja moja, mimi nimeketi kando yake nikisoma: hili lete, hili tumeshalifanya, hili lete haraka. Kompyuta ya maabara ikaanza kulia kwa kila ombi linaloingia. Vijana wangu wakapiga makofi, nikawakaripia waende kazini, huku macho yananiwasha.

Mkurugenzi hakuondoka. Maombi yalipokwisha akasogea, akaongea taratibu mno, nikajua tumekwisha.

"Bwana huyu alishakupa nyaya. Kwa nini hukuzichukua?"

"Ningezichukua, mngenunua nyaya mpya," binti akasema. Hakushusha macho. "Na siku kosa hili likijirudia, mngetafuta nyaya tena."

"Mimi kwenye chumba cha upasuaji namtaka mtu anayesema ni mimi wakati mgonjwa bado yuko hai," mkurugenzi akasema. "Kesho pita ofisini, tumalize habari ya mkataba. Na hiyo seva ya mazoezi, isipokee tena kitu kutoka wodini."

"Nimeshaifungia, mkurugenzi."

Akamgeukia Bwana Tai, akamshukuru kwa kuja.

Tulipotokea koridoni simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kupumzika. Kundi la familia. Imewaka? Mbona kimya? Tuletee picha! Binti akanitazama.

"Shangazi, uliandika nini tena huko?"

"Kidogo tu."

"Basi waandikie ilivyokuwa. Yote."

Nikasimama palepale nikaandika, vidole vikiwa vizito. "Haikuwaka. Mwanenu alikosea mbele ya mkurugenzi. Watu wakampa kisingizio, akakikataa, akasema ni yeye, akarekebisha mwenyewe. Mkataba anaongezewa." Wajomba, hata mmoja hakudai upande. Kisha kaka yangu akaandika: "Huyu mtoto amefanana na nani?"

Nilivitazama vidole vyangu vilivyomfinya.

"Si mimi," nikaandika. "Lakini nimemlea mimi."

Halafu nikamwita, "Mwanangu!" kwa sauti yangu yote, katikati ya korido, wauguzi wakipita na mkurugenzi bado yuko mlangoni. Hakunikataza.