Samaki wa Bi Mdogo

Zamu ilikuwa ya Sharifa, tena siku ya kwanza ya zamu, na mume wake alikuwa amekaa mezani pake akichora vitu vya nyumba ya mke mwenzake. Hebu fikirini! Maharage ameyaunga kwa nazi iliyopandishwa kutoka Mombo, ugali unatoa moshi, na mwanamume hata hajanawa. Zuberi alikuwa amelikunjua boksi la mafuta ya kula juu ya meza, amechomeka kalamu ya seremala sikioni, na kila baada ya muda anaichomoa, anachora mstari, anairudisha. Alikuwa anachora shelfu ya mbao ya ghorofa tatu, na kwenye kila ghorofa matangi ya vioo yamepangwa, ya kuzalishia samaki wa mapambo. Shelfu hiyo ilikuwa inakwenda kwa Nasra.

"Kula kwanza, baba Mwanaidi," Sharifa akasema.

"Nakula, nakula," Zuberi akajibu, akachukua simu. Akaibonyeza sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. "Haloo, Nasra. Yale matangi madogo ya wazazi, yakae ghorofa ya chini?"

"Ya juu," sauti ya Nasra ikajaa chumba kizima. "Joto linapanda juu. Na uniachie nafasi ya kuingiza mkono, usije ukanifanya nipande meza kama mwizi wa sukari."

Zuberi akacheka. Nasra naye akacheka. Walichekeana juu ya maharage ya Sharifa, na Sharifa akajikaza, akatazama pembeni, roho inamwuma mpaka kwenye mbavu.

Tuseme ukweli, Nasra hakuwa na makosa yoyote ya kusemeka. Aliolewa mwaka juzi akitokea Tanga mjini, ambako kaka yake anafuga samaki hao wadogo wenye mikia ya rangi na kuwauza kwa mahoteli na maofisi. Akawaleta huku Lukozi kwenye ndoo, akawafuga kwenye mabeseni, wakazaliana mpaka mabeseni yakamshinda, ndipo akamwomba mumewe shelfu. Samaki ni wake na wazo ni lake, na Zuberi alilisema hilo wazi mara nyingi tu. Lakini Sharifa alikuwa na namna yake ya kusikia. Yeye alisikia kwamba mumewe anamjengea bi mdogo ghorofa.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo lililomnyima usingizi. Zuberi alikuwa mtu wa haki katika zamu. Siku mbili kwa Sharifa, siku mbili kwa Nasra kule chini ya shamba la kabichi, na hajawahi kuiba hata usiku mmoja. Sasa samaki wanakula asubuhi na jioni. Maji yao yanabadilishwa. Samaki hawajui zamu ya nani! Sharifa akaona picha nzima: siku zake, Zuberi atatoka shambani, atapitia kwa Nasra kwenye samaki, watacheka huko mpaka giza, kisha atapanda kwake akiwa anapiga miayo. Kwake ataletewa usingizi tu.

Akasogeza sahani, akaketi mbele ya lile boksi.

"Baba Mwanaidi, unga unaugawa?"

"Naugawa."

"Sabuni unaigawa, mafuta unayagawa, hata wewe mwenyewe tumegawana. Na samaki wagawe."

"Mama Mwanaidi, hii haigawanyiki. Pampu ya hewa ni moja, mipira inatoka hapo inaingia kila tangi. Ukiikata katikati nusu wanakufa."

"Basi kama haigawanyiki, ije yote kwangu. Nyuma ya jiko langu kuna chumba cha Mwanaidi, yeye yuko kwa mumewe Bungu, chumba kipo bure na ukuta una joto kutwa nzima. Kule kwa Nasra upepo unaingia hadi kwenye godoro. Au nasema uongo?"

Hakusema uongo. Ila Zuberi, mkulima hodari wa kabichi na karoti, alikuwa na ugonjwa mmoja: yeyote aliye mbele yake ndiye mwenye haki. Akakuna kichwa. Akasema sakafu ya kile chumba imebonyea, na maji ni mazito, shelfu ikiegama kidogo tu vioo vyote vinakuja chini.

"Sakafu niachie mimi," akasema Sharifa.

Jamani, wivu una nguvu kuliko trekta. Mwanamke aliyekuwa analalamika mgongo tangu masika alishuka mtoni, akachota mchanga, akaupandisha kwa kichwa, safari baada ya safari, mpaka majirani wakamwuliza kama anajenga msikiti. Saruji aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya choo akaimwaga chumbani. Akaisawazisha kwa ubao, magoti chini, jasho linadondokea humohumo. Fundi Ismaili, seremala, alipokuja akaweka pima maji yake kona hii na kona ile, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Bi mkubwa, hapa hata yai halibingiriki." Sharifa akavimba kichwa, akampa chai ya maziwa.

Kilichokataa ni dari. Nyumba ya Sharifa ni ya zamani, na upande ule paa linashuka. Ismaili akapima mara mbili. Shelfu ya ghorofa tatu haiingii.

"Kata," akasema Sharifa.

"Nasra amesema ile ya juu ndiyo..." Zuberi akaanza.

"Nimesema ikatwe. Samaki watakosa nini? Wana ghorofa mbili, mimi nyumba yangu ya chini na sijafa."

Zuberi akatazama dari, akatazama uso wa mkewe, akamgeukia Ismaili. "Kata," akasema kwa sauti ndogo.

Habari ilipomfikia Nasra, alisema "sawa" tu. Lile "sawa" lilimkera Sharifa kuliko matusi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, ana maneno yamepangwa mdomoni, halafu mtu anakuambia sawa!

Lakini jioni ya kwanza ya samaki kwake, nyie, ilikuwa tamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nasra, na bado Zuberi akatoka shambani moja kwa moja hadi kwa Sharifa, akaketi kwenye kigoda mbele ya matangi. Taa zinawaka, mapovu yanapanda, samaki wanapepea mikia yao myekundu na ya buluu. Sharifa akaleta kahawa. Akavaa khanga mpya. Akaketi karibu naye, na ukungu ulipotanda nje alijiona yeye ndiye mke, mwingine ni mgeni.

Asubuhi yake akasikia hodi.

"Shikamoo, dada." Ni Nasra, ndoo mkono mmoja, wavu mkono mwingine, tabasamu usoni.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekuja kuwaangalia samaki."

Sasa atasemaje? Akampisha. Nasra akaingia chumba cha Mwanaidi, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kufyonza uchafu kwa mpira. Zuberi naye akamfuata kumshikia ndoo. Jioni wakarudi tena wote wawili. Ikawa ndiyo ratiba, asubuhi na jioni, zamu ya huyu au ya yule, na Sharifa yuko jikoni anapuliza moto, anasikia vicheko vinapita ukutani. Kile alichokikimbia kule chini ya shamba amekileta mwenyewe ndani, amekijengea na sakafu! Wiki nzima ikapita hivyo. Hata chai alikuwa anawapelekea, maana mgeni ni mgeni, lakini aliitia sukari kwa hasira.

Siku moja akamsubiri Nasra mlangoni. "Kuanzia kesho usihangaike kupanda kilima. Nitawahudumia mwenyewe."

Nasra akashtuka. "Dada, wapo wenye mimba mle. Wakikaribia kuzaa inabidi..."

"Mimi nimezaa wanne. Utanifundisha mimba?"

Nasra akaacha ndoo na wavu hapo kizingitini, akateremka kupitia kwenye kabichi bila kugeuka.

Siku chache baadaye samaki mmoja akazaa. Samaki hawa hawatagi, wanazaa hasa, vitoto vinatoka vikiwa na macho na mkia, vidogo kama mbegu za mchicha. Sharifa akapiga kelele za furaha, akamwita Zuberi, wakainama wote, bega kwa bega, wakavionyeshana kwa vidole. "Umewaweza, mama Mwanaidi," Zuberi akasema, akamshika mkono. Tangu lini hajamshika mkono mchana? Sharifa alilala siku hiyo akiwa msichana.

Asubuhi vifaranga vilikuwa vimepungua. Jioni havikuwepo kabisa.

Mwingine akazaa, vikaonekana, vikapotea. Sharifa akatafuta chini ya mawe ya ndani ya tangi, akakagua mpira wa pampu, hakuona hata mzoga. Ndipo akili yake ikampeleka kule ilikozoea kwenda. Nasra. Nasra anaviiba, na anayemchukulia ni Zuberi, anavitia kwenye kopo na kulificha ndani ya koti, anavipeleka kwa mpenzi wake waanze upya. Alipokwisha kuwaza hivyo aliona kila kitu kinaelekea hapo, hata ule mkono alioshikwa.

Akashuka kilima mchana kweupe, khanga inamponyoka.

"Mwizi wewe! Toa samaki zangu!"

Nasra alikuwa anaanua nguo. Majirani waliokuwa wanapalilia wakanyoosha viuno. Sharifa akaingia ndani bila hodi, akafunua masufuria, akamwaga ndoo ya maji ya kunywa, akainama mpaka chini ya kitanda. Mabeseni ya zamani yalikuwa yameegemezwa ukutani, makavu, yana vumbi. Hakukuwa na samaki hata mmoja.

Nasra akajifunga khanga vizuri, akachukua chujio la chai na bakuli, akasema, "Twende, dada."

Wakapanda, mmoja mbele, mmoja nyuma. Chumbani Nasra akawasha taa, akatazama tangi hadi tangi, akasimama kwenye la kona. "Huyu anazaa sasa hivi. Kaa hapo uangalie."

Sharifa akakaa kwenye kigoda. Samaki akajikunja kidogo, kitoto kikadondoka, kikajinyoosha, kikaanza kuogelea. Kikatoka cha pili. Mama akageuka. Akakitazama, au ndivyo ilivyoonekana, kisha akafungua mdomo na kitoto hakipo tena.

"Yallah!" Sharifa akaziba mdomo.

"Ndivyo walivyo," Nasra akasema. "Mzazi anatengwa, akishazaa anatolewa. Ndiyo ilikuwa kazi ya yale matangi madogo ya juu."

Sharifa akainamisha kichwa. Sakafu yake ilikuwa imenyooka vizuri sana chini ya miguu yake, na hakuwa na pa kutazama zaidi ya hapo. Alitaka kusema samahani. Neno likafika kwenye meno likagoma, maana hajawahi kumwambia huyu mtoto neno hilo na hakujua linaanzaje.

Nasra alikuwa analia. Si kilio cha kutaka kuonekana, machozi yanamshuka tu huku anaingiza chujio ndani ya tangi, anakimbizana na vile vilivyobaki.

"Dada, unataka nini hasa?" akauliza. "Ni yeye? Mchukue. Mke anaruhusiwa kumpa mwenzake zamu yake, kamwulize sheikh. Nakupa zamu zangu zote, leo na kesho na zinazofuata. Mimi nirudishie samaki wangu."

Mlangoni mtu akakohoa. Zuberi alikuwa amesimama pale na buti zake za tope, mfuko wa chakula cha samaki mkononi, mdomo wazi. Wala hakuna aliyejua amesimama tangu saa ngapi.

Hapo ndipo Sharifa alipopaswa kupiga vigelegele. Si ndiyo aliyoyataka? Mwanamume mzima, asubuhi na jioni, bila kugawana na mtu. Akamtazama Zuberi, akaukumbuka mchanga wote alioubeba kwa kichwa kwa ajili yake, na sasa mtu huyohuyo mwenzake anamtoa kama mtu anavyotoa kabichi zilizozidi. Miaka miwili amemwonea Nasra wivu kwa kila alichopewa na Zuberi, na wivu ule haukuwa kitu mbele ya huu wa sasa.

"Nasra," Zuberi akasema, "mimi nipo hapa."

"Nakuona," Nasra akajibu bila kugeuka. "Dada, nishikie bakuli. Haraka, anageuka tena."

Sharifa akalishika bakuli kwa mikono miwili. Alikuwa anautazama mkono wa Nasra ndani ya maji, unavyozunguka na chujio bila kukosea, akitamani mpaka kuumia yeye naye awe na kitu chake mwenyewe, cha kukililia namna ile.