Kazi Tatu Langoni

Nasikia patasi kabla sijaona kitu. Tak, tak, kisha kimya, kama fundi anayepuliza vumbi aone alipofika. Nimejilaza barazani baada ya adhuhuri, namngoja Fundi Machano, aliyenifundisha kuchonga milango, anayekuja kuchukua jibu langu: nirudi karakanani kwake nibaki huko maisha, au asiniite tena mwanafunzi wake. Patasi inagonga tena, mkeka unalegea chini yangu kama maji, nami nimesimama kwenye barabara nyeupe isiyo na mwisho, na kila ninapopiga hatua inajikunja na kunirudisha nilipokuwa. Pembeni kuna mji wa vioo. Katika ukuta wa kwanza najiona nina miaka kumi na mitano, vumbi la mbao nyusini, nachonga ua la mlango. Katika wa pili nina rangi mpaka masikioni, naandika kibao cha kinyozi. Katika wa tatu nimeshika kalamu, natunga wimbo wa taarabu, utunzi ambao hakuna aliyenifundisha, na wale wawili wa mwanzo wananitazama kama ndugu niliowahama. Mtu ananijia, hana uso, pale pa uso ni laini kama ubao uliopigwa randa. Namuuliza njia ya kutokea. Ananiuliza yeye, ni nani mwenye nyumba tatu na hana pa kulala? Nacheka. Namwambia, ni yule anayetafuta kiwanja cha nne. Hapendezwi. Ananitembeza, mji unageuka, mbele inakuwa nyuma, na njiani ananisimulia, kwa sauti za kuazima za majirani, yote yasemwayo mtaani kwetu, kwamba mimi Makungu ni kinyonga, kwamba mshika mawili moja humponyoka na mimi nimeshika matatu, kwamba niliiacha karakana bila hata kuaga. Hili la mwisho linanichoma, kwa sababu ni kweli.

Tunafika langoni. Sheria ya hapa, anasema, ni ubeti mmoja wa tamati, kama watungaji wanavyofunga shairi kwa kujitaja: taja jina lako na kazi moja. Mbili utakazoziacha zitatoka mikononi, hutazijua tena. Na nisipotaja? Utatembea humu milele, anajibu. Naogopa, sikatai. Naanza, mimi Makungu mtunzi, na papo hapo vidole vinakufa ganzi, nasahau patasi inavyoshikwa, nasahau harufu ya mvule, nasahau mkono wa Fundi Machano ulivyoushika wangu siku ya kwanza. Naukatiza hapo, na kumbukumbu zinarudi, ganzi inabaki. Ubeti haujafungwa, bado ni wangu. Nani kakwambia, namuuliza, mtunzi hupangiwa tamati? Mizani nilijifunza kwa kufuata nakshi, ua, jani, ua, jani. Herufi nilizijua kwa patasi kabla ya rangi. Ukiniondolea moja, zote zinaanguka. Basi naufunga kwa sauti:

Tamati ninatamka, jina langu ni Makungu,
Patasi nimeishika, na burashi ni mwenzangu,
Kalamu nimeiweka, kati ya vidole vyangu,
Atakaye kunicheka, acheke, kazi ni zangu.

Hukutaja moja, anasema asiye na uso. Nimetaja mtu mmoja, namwambia, yatosha. Lango linapasuka kama kioo, na mkeka uko chini yangu, au ndivyo unavyojionyesha. Mtu amesimama mbele yangu, jua liko mgongoni mwake, uso wake siuoni. Haya, Makungu, anasema, umelala au unanikimbia? Sauti ni ya Fundi Machano, lakini kule nako sauti ziliazimwa, na vidole vyangu bado vina ganzi. Sijui nimetoka au nimeingia zaidi. Sisubiri kujua. Nasimama, namwambia kwa sauti ya kufika nyumba ya pili: Fundi wangu, sirudi karakanani, na mwanafunzi wako nitabaki, utake usitake. Lakini nakuahidi, kila nitakapohama kazi, nitakuja kwanza mlangoni kwako, nikuage nikikutazama usoni.