Jani la Sale na Pikapu Nyekundu

Ati asimulie, Leonida, kana kwamba mdomo wake ni redio ya kuwashwa mteja akija, "Mama, hebu mwambie Baba Gaël jinsi marehemu alivyoiunda pikapu hii," anasema Elisante, mwanawe huyu, meno yote nje, na François, Mkongo wa watu, kashashika mlango wa pikapu, mkewe Victorine keshapanda, Gaël mapajani, wanangoja… asimulie nini, kwamba mumewe Thabo aliokota bodi ya kutu ambayo hata kuku wangeikataa, akaikata paa ikainama kama mwizi dirishani, injini akaiacha uchi bila boneti, matairi ya nyuma mapana kama makalio ya shangazi yake wa Soweto, akaipaka wekundu wa pilipili, Bertrams nzima, mtaa wao huu wa Johannesburg, ikatoka kutazama, hayo rahisi, lakini breki, breki je… "Mama, mzee alifanya yote yeye mwenyewe?" anauliza François, "Yote, baba," anajibu, na kwapa limelowa jasho na baridi yote hii, maana pedali ile inazama kama mguu kwenye tope, juzi tu Elisante aliisimamisha kwa kugonga ukuta, ukuta ule pale, wekundu bado umeganda, na nje ya geti ni mteremko mtupu hadi kwenye robot, taa za barabarani za njia panda, teksi zinapita pale kama zimeibiwa… na asubuhi Elisante kampigia magoti jikoni, jani la sale mkononi, kalichuma kwenye lile kopo la rangi alilopandia mche wa kwao Rombo, "Mama, nisamehe, nimeitangaza pikapu ya Baba bila kukuuliza," na Mchagga akishaletewa sale hasemi hapana, hata kwa aliyemwulia ng'ombe, akalipokea, ndipo mjanja akanong'ona, "Basi, hilo la breki tulinyamazie, atatengeneza mwenyewe," kumbe kamletea kizibo cha mdomo, si toba, na jani liko mfukoni mwa aproni, analifinya, analifinya… "Gogo, vroom!" Gaël anapiga kelele, anamwita bibi kwa Kizulu cha mtaani, anachezea usukani, kimeno kimoja mbele, Mungu wangu, kimoja tu… bibi yake Leonida kule Rombo aliletewa sale na jirani aliyemvunjia mtungi wa pombe, akasamehe, lakini mtungi ulikuwa umeshavunjika, vigae viko chini, nani aliwahi kuleta jani kuomba ruhusa ya kuvunja kesho, hakuna, sale ni la jana, la jana amesamehe, pikapu na iuzwe, hili la robot halijaombewa msamaha na haliombeki… "Elisante, kabla sijasimulia, mwambie mwenzio habari ya ukuta ule." "Eish, Mama, si tumeshayamaliza?" "Ya jikoni tumeyamaliza. Sema." François bado kashika mlango, Victorine bado kamkumbatia mwanawe, ufunguo bado unaning'inia, na Leonida kifua kimemtulia kama sufuria iliyoepuliwa, hata jani kaliachia, akimtazama kijana wake anavyolipa, tena kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mtu aliyekuwa akimwita ndugu tangu asubuhi: "Haina breki."