Toleo la Zamani

"Wateja, wafanyakazi na wageni wote wanatangaziwa kwamba kiti cha kijani kilichokuwa karibu na dirisha katika chumba cha kusubiria kimehamishiwa karibu na mlango. Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Tangazo hilo lilikuwa limebandikwa ukutani na kupigwa muhuri. Mzee alilisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akisoma matangazo ya asubuhi enzi alipokuwa mwalimu mkuu, kisha akaketi juu ya kiti chenyewe na kumuuliza mhudumu wa mapokezi kama kilihama kwa hiari yake au kilihamishwa. Mhudumu alicheka. Mtoto wa Mzee, aliyesimama kando yake, hakucheka.

Mtoto huyo, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuwa mpimaji wa kituo hicho. Kazi yake ilikuwa kuwapima watoto waliochelewa kusoma na watu wazima walioanza kupoteza kumbukumbu, na mwishowe kuandika ripoti, kwa lugha isiyobishika, kueleza ni kitu gani hasa kilichopungua. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watu ana kwa ana mambo ambayo ndugu zao walishindwa kuyatamka, na hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Siku hiyo alikuwa amemleta baba yake mzazi.

Kilichowaleta ni gari. Kila asubuhi Mzee alimpeleka mjukuu wake shule kwa gari lake mwenyewe, na hakuna aliyeona neno, mpaka siku alipompeleka kwenye shule aliyowahi kuiongoza yeye, upande wa pili wa mji, ambayo siku hizi ni ghala la vigae. Alikaa mbele ya lango lililofungwa akipiga honi na kumwita kwa jina mlinzi ambaye alikwishazikwa. Walirudi mchana. Mjukuu alisimulia safari hiyo kwa furaha kubwa, kwa sababu ilikuwa imemwepusha na somo la hesabu.

Mke wa mpimaji hakusema mengi. Alisema yeye ni mkwe, na mkwe hamnyang'anyi baba mkwe funguo. Baba ni wa mumewe, na mdomo wa kumwambia anao mumewe.

Mpimaji alikubali kwamba mdomo anao. Alichokosa ni kitu cha kuusukuma. Aliingia chumbani kwa Mzee mara kadhaa akiwa na maneno tayari, akatoka akiwa amezungumzia hali ya hewa. Mwishowe alimwambia baba yake kwamba idara ya leseni imeleta utaratibu mpya, kwamba madereva wote wa umri wake hupimwa kumbukumbu. Hapakuwa na utaratibu wa namna hiyo popote. Mzee alimtazama kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe ilivyostahili.

"Sawa," alisema. "Nikianguka, funguo utazichukua wewe. Nikifaulu, habari hii isisikike tena humu ndani."

Wakapeana mikono. Mpimaji alijiona amepata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomtia aibu kwanza, kabla ya mambo mengine yote. Alikuwa amemtafutia baba yake karatasi ya kumwambia kile ambacho yeye mwenyewe aliogopa kukisema.

Kanuni zilimkataza kumpima ndugu yake, kwa hiyo Mzee alipimwa na mwenzake, binti mwanasaikolojia aliyeajiriwa karibuni. Kipimo kilikuwa cha kawaida. Mteja husomewa maneno matano, huambiwa ayashike kichwani, kisha hupewa kazi nyingine za kumchanganya, kama kuchora saa na kutaja wanyama. Mwishoni huulizwa maneno yale yalikuwa yapi. Ndoo, kengele, mkasi, ukungu, zambarau. Wengi wa waliokuwa wakipimwa kituoni hapo hawakufika kwenye kengele.

Mwenzake alitoka chumbani na tabasamu. Alisema saa ya Mzee ilikuwa na mishale yote upande mmoja, na mwaka alioutaja haukuwa wenyewe, lakini kwenye maneno alimshangaza: aliyataja kwa mpangilio, bila kusita, kama mtu anayeimba. Alama za hapo ndizo zilizomvusha. Alikosea neno moja tu.

"Badala ya mkasi alisema taa," alisema mwenzake. "Sijui hata kaitoa wapi, kaka."

Mpimaji alijua. Taa ilikuwamo katika toleo la zamani, lililoondolewa kabla binti huyo hajamaliza shule. Yeye alijifunza kazi kwa toleo hilo. Na ingawa kanuni ya kwanza ya kazi yao ni kwamba kipimo hakitoki kwenye kabati lenye kufuli, alikitoa. Alikipeleka nyumbani, akakifanyia mazoezi mezani baada ya chakula, na aliyekubali kuwa mteja wake alikuwa baba yake. Mzee, wakati huo akiwa mwalimu mkuu asiyevumilia usomaji wa hovyo, alimrudisha mwanzo kila sauti ilipotetereka. Ikafika mahali akawa anayataja mwenyewe akinyoa ndevu: ndoo, kengele, taa, ukungu, zambarau. Kipimo kilitaka kujua kama Mzee anakumbuka alichosikia punde. Mzee alijibu alichosikia ujanani mwa mwanawe, na kituo kikampa alama.

Kalamu ya mwenzake ilikuwa bado wazi. Neno moja lingetosha. Mpimaji alilitafuta, akaona kwamba ndani ya neno hilo mlikuwa na kabati, kufuli, na utaratibu wa leseni usiokuwepo.

"Hongera zake," alisema.

Walirudi nyumbani Mzee akiendesha, kwa kuwa sasa hapakuwa na hoja ya kumzuia. Cheti cha kufaulu kipimo alikuwa amekiweka juu ya dashibodi. Njiani akamshukuru mwanawe. Mpimaji aliuliza ni kwa lipi.

"Yale maneno," alisema Mzee. "Sikufichi, niliingia mle ndani na hofu. Zipo asubuhi naamka, najua mimi ni nani lakini sijui leo ni lini. Yule binti akaanza: ndoo, kengele. Nikajua hii ni kazi yako. Nikasema, mwanangu hakutaka niaibike mbele ya watu."

Mpimaji aligeukia dirishani.

"Na ule utaratibu wa leseni niliwapigia simu kuuliza. Hawaujui. Nikaelewa, kijana anatafuta njia ya kunipatia cheti ili mkwe wangu atulie." Alimgusa goti. "Umefanya jambo la kiume."

Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa hasira ya baba yake, na kwa machozi yake pia, kwa kuwa kazini alizoea yote mawili. Shukrani hakuwa amejiandaa nayo. Ilimwingia kama kitu cha mtu mwingine alichokabidhiwa kimakosa, ambacho kila alivyokaa nacho ndivyo ilivyokuwa vigumu kukirudisha. Kando yao gari zilikuwa zimeanza kusimama.

"Baba, taa."

"Najua, najua. Yule binti alisoma mkasi. Wamekosea wao, ni taa."

Akaipita ikiwa nyekundu. Lori lililotoka ubavuni lilifunga breki kwa kishindo, na dereva wake akatoa kichwa na kuuliza kama babu huyo alijifunzia kuendesha kwenye mkokoteni. Mzee alimjibu kwa upole kwamba ana cheti.

Juma hilohilo mpimaji aliiandikia kamati ya maadili ya kituo. Aliungama yote: toleo la zamani, kabati, mazoezi ya mezani, uongo wa leseni. Akaomba matokeo yafutwe na kituo kimjulishe mteja kwa maandishi kwamba hafai kuendesha. Ilikuwa barua nzuri, yenye hoja zilizofuatana. Alipoisoma upya kabla ya kuituma aliona kwamba, kwa mara ya pili, alikuwa anatafuta karatasi ya kwenda kusema mbele ya baba yake, na akaituma hivyohivyo.

Mwenzake alipopata habari aliacha kumwita kaka. Alimwita mheshimiwa, na salamu hiyo alimpa kila asubuhi bila kukosa.

"Umemwambia?" mkewe alimuuliza.

"Nimeandika."

"Nimekuuliza kama umemwambia. Kwamba unajua kuandika nilijua tangu unaniposa."

Wakati wakisubiri uamuzi, mpimaji alianza kusindikiza safari za shule. Alimwambia baba yake kwamba anapenda kupunga hewa ya asubuhi. Aliketi mbele, mkono karibu na breki ya mkono, na siku moja aliivuta, akasema imevutika kwa bahati mbaya. Mjukuu, aliyeketi nyuma na mkoba mapajani, aliona, akanyamaza. Mzee naye alikitundika cheti sebuleni, na jirani yake fundi cherehani alipokuja kuchukua vipimo vya mapazia alioneshwa hicho kwanza. Mzee alimweleza mgeni kwamba mtoto akisomeshwa vizuri hamsahau baba yake. Mpimaji alikuwapo. Alishika ncha ya futi ya fundi na kuitazama kana kwamba imeandikwa kitu cha maana.

Uamuzi wa kamati ulifika asubuhi, katika bahasha yenye muhuri uleule wa tangazo la kiti. Mjukuu alikuwa amekwisha kupanda garini. Mzee alipiga honi, akapiga tena, akauliza kwa sauti kama mwanawe anakuja kupunga hewa au hewa ya leo imemshinda. Mpimaji alisimama mlangoni na kusoma:

"Kamati, baada ya kulitafakari suala hili kwa kina, imeamua kwamba matokeo ya mteja hayatatumika, kwamba mteja apimwe upya kwa toleo jingine pindi muda wa kusubiri uliowekwa na kanuni utakapomalizika, kwamba mpimaji apewe onyo, na kwamba, kwa kuwa kituo hakina mamlaka juu ya vyombo vya usafiri vya wateja, funguo zibaki kwa aliyenazo. Jukumu la kumjulisha mteja uamuzi huu limekabidhiwa kwa ndugu yake wa karibu."